Nyerere, wamisionari wa Mara na likizo za Butiama

Na Mwandishi Wetu, Musoma

DESEMBA 1943 kijana wa miaka 21 aliyekuwa mwaka wa kwanza katika Chuo cha Makerere, Uganda, alirudi kwao Mara kwa mapumziko ya Krismasi. Wengi wa rika lake waliitumia likizo kama hiyo kuona ndugu na kupumzika. Yeye alikuwa na jambo lililokuwa likimsubiri kwa miaka kadhaa. Desemba 23, katika misheni ya Nyegina, nje kidogo ya mji wa Musoma, alibatizwa na kupewa jina la Julius.

Kabla ya hapo alijulikana kwa jina la Kambarage, ambalo kwa Wazanaki linahusishwa na mzimu wa mvua. Alizaliwa Butiama Aprili 13, 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito na Christina Mugaya wa Nyang'ombe, mke wa tano wa chifu huyo. Burito alikuwa na wake 22 na watoto 26. Kambarage alikulia katika nyumba ya mama yake, akichunga mbuzi, akilima na kushiriki mila zote za kabila lake, ikiwa ni pamoja na kuchongwa meno.

Habari za maisha ya Hayati Mwalimu Julius Nyerere zimeandikwa sana kwa upande wa siasa. Upande ambao hauzungumzwi mara nyingi ni wa wageni waliokuja kuishi Mara wakiacha nchi zao, na jinsi maisha ya wageni hao yalivyoingiliana na ya mtoto huyu wa chifu tangu akiwa na miaka 12 hadi alipofariki.

Misheni ya Nyegina ilianzishwa mwaka 1911 na Mapadri Weupe, katika eneo la Wakwaya. Miaka ya thelathini wakafika pia Wamennonite kutoka Marekani. Wa kwanza wao, akiwamo Elam Stauffer, waliingia Shirati mwaka 1934, kisha wakafungua vituo vya Bukiroba, Mugango na Bumangi. Bumangi iko Uzanaki, si mbali na Butiama.

Kulikuwa na tofauti kati ya makundi hayo mawili ambayo wenyeji waliiona mara moja. Wamennonite walikuja na wake zao, wakazaa na kulea watoto wao hapa hapa, wengine wakijifunza lugha za Mara pamoja na watoto wa majirani. Mapadri hawakuwa na familia. Wote walifanana katika jambo moja: kwao kulikuwa mbali, safari ilikuwa ya meli, na likizo ya kwenda nyumbani ilipatikana baada ya miaka kadhaa. Si ajabu kwamba waliodumu walilazimika kuigeuza Mara kuwa nyumbani.

Mwaka 1934, ule ule waliofika Wamennonite, Kambarage alianza masomo katika Shule ya Msingi Mwisenge, Musoma. Kutoka Butiama ni maili zipatazo 26, na safari ilikuwa ya miguu. Hapo ndipo aliposhirikiana na rafiki yake, Oswald Mang'ombe Marwa, ambaye alikuwa akienda kujifunza dini Nyegina. Kambarage akaanza kufuatana naye.

Hakubatizwa wakati huo. Mwaka 1937 alichaguliwa kwenda Shule ya Serikali ya Tabora baada ya kufanya vizuri sana katika mtihani, na huko aliendelea na mafundisho ya dini. Safari ya kwenda Tabora ilipitia Mwanza, ambako wanafunzi walipanda treni. Kila likizo ilimrudisha katika boma la baba yake, mahali ambapo mtoto wa chifu alikuwa na wajibu wake na taratibu zake.

Moja ya taratibu hizo ilikuwa ndoa. Kambarage akiwa bado mwanafunzi, baba yake alimtafutia mchumba na ng'ombe wa mahari wakatolewa, kama ilivyokuwa desturi. Ndoa hiyo haikuendelea. Kijana aliyekuwa akielekea kubatizwa Mkatoliki alikuwa amekusudia kuoa kwa taratibu za Kanisa, mke mmoja tu, jambo ambalo katika boma lenye wake 22 halikuwa dogo hata kidogo. Chifu Burito alifariki dunia mwaka 1942. Uchifu ulishikwa na mwanawe mwingine, Edward Wanzagi. Ubatizo wa Nyegina ukafuata mwaka mmoja baadaye.

Alipomaliza Makerere mwaka 1945 alikuwa na nafasi ya kufundisha katika shule ya Serikali au katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, iliyokuwa ya Mapadri Weupe. Alichagua shule ya mapadri. Hapo alikutana na Padri Richard Walsh, mtu ambaye alikuwa na mchango mkubwa katika kumsaidia kupata nafasi ya kusoma Uingereza.

Kabla ya kuondoka alikwisha kumposa Maria Waningu, binti wa Gabriel Magige. Maria alizaliwa Baraki, Tarime, akasoma kwa masista na kuhitimu ualimu Sumve, kisha akafundisha katika Shule ya Msingi Nyegina. Kwa hiyo hata uchumba huu ulipita katika mlango ule ule wa misheni.

Nyerere aliondoka mwaka 1949 kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland. Sasa zamu ilikuwa yake kuishi ugenini. Kwa zaidi ya miaka mitatu hakuiona Butiama. Likizo zake zilikuwa za huko huko Uingereza. Aliacha nyuma mama mjane, ndugu waliomtegemea na mchumba. Aidha, inaelezwa kwamba katika kipindi hicho aliwahi kufikiria kuwa padri. Alisoma historia, uchumi, falsafa na masomo mengine, akatunukiwa shahada ya M.A. mwaka 1952 na kurejea nyumbani mwaka huo huo.

Kilichofuata kiliwashangaza watu wa Butiama. Msomi aliyetoka Ulaya alivua viatu, akakanyaga udongo na kuanza kujijengea nyumba kwa mikono yake ili apate mahali pa kumweka mke wake. Wakati huo mtu mwenye elimu hata ya darasa la nane hakutarajiwa kushika jembe wala kubeba matofali. Kwa mtoto wa chifu ilikuwa zaidi. Wapo walioona ni aibu kwa ukoo. Yeye aliendelea na kazi.

Januari 1953 alifunga ndoa na Maria huko Musoma, na muda mfupi baadaye wakahamia Pugu, karibu na Dar es Salaam, alikopata kazi ya kufundisha historia katika Shule ya Mtakatifu Francis iliyokuwa chini ya mapadri kutoka Ireland. Yaliyotokea Pugu yanafahamika. Julai 7, 1954 Tanganyika African Association iligeuzwa kuwa TANU na Nyerere akawa Rais wake. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa. Akaacha kazi.

Ni rahisi leo kuusimulia uamuzi huo kana kwamba mwisho wake ulikwisha kujulikana. Ukweli ni kwamba mwaka 1955 TANU haikuwa na umri wa mwaka mmoja, haikuwa na fedha za kumlipa, naye alikuwa na mke na watoto wadogo. Nyumba ya Pugu ilikuwa ya shule. Mshahara ulikuwa wa shule. Baba wa Taifa wa baadaye alifungasha mizigo na kurudi Butiama na familia yake, bila kazi.

Hapo ndipo anapoingia Padri Arthur Wille.

Tangu mwaka 1946 kazi ya Wakatoliki katika eneo la Musoma ilikuwa imekabidhiwa kwa shirika la Maryknoll la Marekani, lililochukua nafasi ya Mapadri Weupe. Padri Wille alikuwa mmoja wa vijana wa shirika hilo waliopelekwa kwa Wazanaki. Alihitaji kujifunza Kizanaki, na Kizanaki hakikuwa na vitabu. Nyerere alihitaji kipato. Walikubaliana, na kwa miezi kadhaa kuanzia Aprili 1955 Rais wa TANU akawa mwalimu wa lugha wa padri wa Kimarekani.

Kazi haikuishia kwenye maamkizi na majina ya vitu. Nyerere alisaidia pia kutafsiri Injili na mafundisho ya dini katika Kizanaki. Yeyote aliyewahi kujaribu kutafsiri anaweza kukisia ugumu wake: kutafuta katika lugha ya wafugaji na wakulima maneno ya mambo ambayo hayakuwahi kusemwa katika lugha hiyo, na kuyaandika kwa mara ya kwanza. Mtu aliyekuja kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alikuwa amekwisha pata mazoezi mazito Uzanaki.

Miezi hiyo ilikuwa pia ya kutafakari. Serikali ya kikoloni ingefurahi kumwona akibaki mwalimu au akichukua kazi serikalini, na kazi alitakiwa kuichukua. Alikataa. Oktoba 1955 alirejea Dar es Salaam kuijenga TANU, na kuanzia hapo Butiama ikawa tena mahali pa likizo.

Uhusiano na Maryknoll haukukatika. Alipokwenda tena Marekani mwaka 1956, wanashirika hao walimsaidia huko. Ukoloni wa Kiingereza haukupendezwa na mapadri wa Kimarekani kuwa karibu mno na kiongozi wa TANU, lakini urafiki uliojengwa juu ya daftari la Kizanaki haukuwa wa kuvunjwa na barua ya ofisini.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba Mwalimu aliwapa wamisionari kila walichotaka. Baada ya Uhuru wa Desemba 9, 1961 na Azimio la Arusha la Februari 5, 1967, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za mashirika ya dini chini ya Serikali. Shule ya Pugu, ile ile aliyofundisha, ilikuwa miongoni mwake. Hoja ilikuwa kwamba mtoto asinyimwe nafasi ya kusoma kwa sababu ya dini yake. Hoja hiyo ilikuwa na uzito mkubwa kwa Waislamu, ambao shule nyingi za ukoloni ziliwaacha nje. Kwa mapadri na masista waliojenga shule hizo kwa miongo kadhaa, lilikuwa pigo.

Oktoba 1970 alialikwa na masista wa Maryknoll huko New York. Mbele yao alieleza kwamba Kanisa linalokaa kimya mbele ya umaskini na dhuluma litahesabiwa kuwa upande wa dhuluma, na kwamba kazi yake ni kusimama na wanyonge. Haikuwa hotuba ya kubembeleza wenyeji. Ni moja ya hotuba zake zilizosomwa sana nje ya nchi.

Akiwa Rais aliendelea kwenda likizo Butiama. Alilima, alicheza bao na wazee, alihudhuria misa. Viongozi wengi walijifunza kwamba kumfuata Mwalimu likizo kulimaanisha kushika jembe. Novemba 1974 chama kilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma, lililoharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote. Umbali kutoka Mwisenge, alikoanza darasa la kwanza akiwa na miaka 12, ulikuwa wa kutembea kwa miguu.

Alistaafu urais Novemba 1985 na kurudi Butiama. Aliendelea kuwa Mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990, na baadaye akawa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, kwa hiyo mapumziko kamili hakuyapata. Nyumbani alikuwa na shamba, vitabu na kazi ya kalamu. Mwaka 1996 zilichapishwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho tenzi zake za Injili nne na Matendo ya Mitume. Kazi aliyoifanya kwa Kizanaki mwaka 1955 ili kulisha watoto aliirudia kwa Kiswahili, uzeeni, bila kulipwa mshahara na mtu.

Alifariki dunia London Oktoba 14, 1999 kwa saratani ya damu, na Oktoba 23 akazikwa Mwitongo, Butiama, karibu na wazazi wake.

Leo anayetoka Mwanza kwenda huko hupita mji wa Bunda, kisha huacha barabara kuu ya Musoma pale Makutano na kukata kulia. Bunda imekuwa makao ya jimbo Katoliki tangu mwaka 2010, na Butiama imekuwa wilaya tangu mwaka 2012. Ni Jimbo la Musoma, mrithi wa misheni ile ya Nyegina, lililofungua mwaka 2005 mchakato wa kumtangaza Mwenyeheri. Katika hati za Kanisa sasa huitwa Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, jina la ubatizo likitangulia lile la mvua.