Joginder Singh: Fundi wa spana aliyeshinda Safari kwa gari la mtumba

Ukipita kwenye gereji za jua kali mjini Machakos, hukosi kuona gari kuukuu limeegeshwa pembeni, rangi imepauka na nati zimeganda kwa kutu. Pengine wewe hupita tu. Joginder Singh angesimama, akafungua boneti.

Alizaliwa Kericho mnamo 1932, kifungua mimba katika familia ya watoto kumi. Baba yake alikuwa na gereji na huko ndiko kijana alikopakwa grisi kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akaajiriwa na chama cha wenye magari Afrika Mashariki, kazi yake ikiwa kuzunguka barabarani akiwaokoa madereva walioharibikiwa. Hebu fikiria barabara ya Mombasa, ile inayokatiza Machakos, enzi ambazo sehemu kubwa haikuwa na lami. Gari likizima, ni wewe, spana na jua.

Kazi hiyo haitaki hasira. Nati iliyoganda ukiivuta kwa nguvu, bolti inakatika, na hapo umejitafutia kibarua cha siku nzima. Isugue kwa brashi ya waya, imwagie mafuta mepesi, uyaache yapenye usiku kucha. Asubuhi igonge taratibu kwa nyundo, ikaze kidogo, ndipo uifungue. Ndiyo, unaikaza kwanza! Huwa inaachia kutu.

Basi 1965 ikafika. Kenya huru ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili, na Safari Rally ilikuwa haijawahi kushindwa na dereva asiye Mzungu. Joginder na ndugu yake Jaswant waliingia na Volvo PV544 ya mtumba, ambayo timu ya kiwanda ilikuwa imeshaitumia katika Safari ya mwaka uliotangulia. Wakawaacha waliowafuata kwa zaidi ya saa moja. Sikh Anayepaa, ndivyo alivyoitwa tangu hapo.

Volvo iliacha kuunda PV544 mwaka huohuo. Kwa hivyo ukibahatika kupata moja shambani kwa mtu, rangi yake ya kiwandani utaitafuta kwenye gari lenyewe. Usipeleke kwa fundi wa rangi kipande kilichokaa juani. Paa na boneti hupauka, utarudishiwa rangi ya uzee. Fungua buti, vua mpira wa mlango, chungulia chini ya dashibodi, mahali jua halijafika. Pangusa vumbi letu jekundu, ng'arisha kidogo, halafu linganisha hapo nje mchana, si chini ya taa. Ukikosea, milango na mabawa yatakusuta kila ukiliosha.

Joginder alishinda tena 1974 na 1976, safari hizo akiwa na David Doig katika Mitsubishi Lancer, akawa wa kwanza kuibeba Safari mara tatu. Mimi lakini ushindi si ninaouonea wivu. Aliingia Safari mara 22 akamaliza 19, katika mashindano ambayo mwaka wa 1968 magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Huyo ni mtu aliyejua kila nati ya gari lake.

Alifariki London mnamo Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Huenda wakati huo wewe ulikuwa ungali chekechea.