Adrian Atiman

Adrian Atiman (mnamo 1866 – 1956) alikuwa katekista na tabibu wa Kanisa Katoliki aliyefanya kazi kwa miaka 67 huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika Tanzania ya leo. Akiwa mtoto alitekwa na kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, kisha akatumia maisha yake kuwatibu wagonjwa katika misheni iliyoanza kama kimbilio la yatima na watumwa waliokombolewa.

Utoto

Alizaliwa katika kijiji cha Tundurma, karibu na mto Niger, nchini Mali. Tarehe ya kuzaliwa kwake haikuandikwa popote, na mwaka unaotajwa ni wa kukadiria. Alipokuwa bado mdogo alitekwa na Watuareg, akavushwa jangwa la Sahara hadi kusini mwa Algeria. Mwaka 1876, huko Metlili, alinunuliwa na Wamisionari wa Afrika ili apewe uhuru. Wamisionari hao, wanaojulikana pia kama Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao, ni shirika lililoanzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers. Atiman alibatizwa mwaka 1882.

Masomo

Lavigerie aliamini kwamba Afrika ingeinjilishwa vizuri zaidi na Waafrika wenyewe. Mwaka 1881 alifungua chuo kisiwani Malta, ambako vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa dini na kusomea utabibu katika Chuo Kikuu cha Malta. Hakutaka wawe mapadri wala waige maisha ya Wazungu. Walitakiwa kuoa, kuishi kama wenyeji wa mahali watakapopelekwa, na kueneza imani huku wakitibu watu. Atiman alikuwa miongoni mwa vijana hao, na alimaliza masomo mwaka 1888.

Kufika Karema

Katika Afrika Mashariki shirika lilikuwa na njia mbili kutoka Tabora. Moja ilielekea Ziwa Viktoria, ambako misheni ilifunguliwa Bukumbi na baadaye, mwaka 1911, Nyegina karibu na Musoma. Nyingine ilielekea Ziwa Tanganyika, na ndiyo aliyopita Atiman. Alisafiri kupitia Zanzibar, kisha kwa miguu pamoja na msafara, akafika Karema mwaka 1889.

Karema ilianza kama kituo cha Wabelgiji mwaka 1879, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Wakati huo watekaji wa watumwa walikuwa bado wanazishambulia nchi za kandokando ya ziwa. Wamisionari waliwanunua watoto kutoka kwa wafanyabiashara na kuwalea misheni, ambako pia watu wazima waliokimbia vita walipewa hifadhi.

Njia hiyo ilikuwa na utata. Fedha iliyomtoa mtoto mmoja utumwani iliweza kumshawishi mfanyabiashara kutafuta mwingine. Tena mtoto aliyekombolewa aliishi chini ya sheria za misheni, na mara nyingi mapadri ndio waliompangia shamba, na hata ndoa. Juu ya hayo, hakuwa na ukoo, na katika jamii za eneo hilo mtu asiye na ukoo hakuwa na wa kumtetea. Atiman aliijua hali hiyo, kwa kuwa naye alikuwa amenunuliwa utotoni na kulelewa na wamisionari mbali na kwao.

Familia

Alimwoa Agnes, mwenyeji wa Ubende. Kwa ndoa hiyo mgeni aliyetoka upande wa pili wa Afrika alipata wakwe na mahali pa kuitwa kwake. Mtoto wao Joseph baadaye alikuwa padri.

Kazi ya utabibu

Kwa miaka mingi Atiman alikuwa karibu tabibu pekee aliyesomea kazi hiyo katika eneo kubwa la mashariki mwa ziwa. Alitibu homa na vidonda, alifanya upasuaji, na alifundisha dini. Dawa kutoka Ulaya zilichukua miezi kufika na mara nyingi hazikutosha. Kwa hiyo alijifunza mitishamba ya wenyeji na kuitumia pamoja na aliyoyasoma Malta. Hakuwa na cheo kamili cha daktari wala cha padri, lakini wagonjwa, Wakristo na wasio Wakristo, walimfuata kutoka mbali.

Alifika mwanzoni mwa utawala wa Wajerumani, akapitia Vita Kuu mbili za Dunia, na kuendelea na kazi chini ya Waingereza. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Kifo na kumbukumbu

Alifariki Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi, miaka mitano kabla ya uhuru wa Tanganyika. Chuo cha Malta kilikuwa kimefungwa tangu mwaka 1896, na Atiman ndiye anayekumbukwa kuliko wanafunzi wake wengine wote. Leo Karema imo katika Mkoa wa Katavi. Huko mtoto wa Tundurma aliyenyang'anywa ukoo wake aliacha familia yake mwenyewe, na vizazi vya watu aliowatibu bila kuwauliza asili yao.