Amin: Askari aliyevishwa joho huku Makerere ikififia

IDI Amin Dada hakusoma sana. Alipojiunga na jeshi la kikoloni la King's African Rifles mnamo 1946, alianzia jikoni akiwa msaidizi wa mpishi, kabla ya kutumwa Kenya kuwakabili wapiganaji wa Mau Mau.

Januari 25, 1971, alimpindua Rais Milton Obote aliyekuwa Singapore kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola. Maelfu walimiminika katika barabara za Kampala kushangilia, wasomi wakiwemo.

Shangwe hizo hazikudumu. Mnamo Septemba 1972, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa akiwa katika Mahakama Kuu na watu waliojihami, asirudi tena. Wiki chache baadaye, Naibu Chansela wa Chuo Kikuu cha Makerere, Frank Kalimuzo, naye akatoweka. Wahadhiri walifunga virago, baadhi wakikimbilia Nairobi. Cha ajabu ni kwamba chuo hicho hicho, ambacho Amin alikuwa chansela wake, kilimvisha joho la udaktari wa heshima wa sheria.

Hata hivyo, uharibifu mkubwa zaidi haukuwa wa majengo wala vitabu. Agosti 1972, Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini, kisha maduka yao yakagawiwa wanajeshi na wapambe. Waganda waliwabandika matajiri hao wapya jina la 'mafuta mingi'. Bidhaa zilipoadimika, magendo ilishamiri. Mshahara wa mwalimu haukutosha kununua sukari na sabuni, na kijana aliyekuwa darasani aliliona hilo vyema.

Kulikuwa pia na makachero wa State Research Bureau, waliokuwa na makao Nakasero. Fununu tu ilitosha kumpoteza mtu. Jirani alipotiwa ndani ya buti la gari mchana peupe, waliobaki walijifunza kutouliza. Kuna familia zilizolazimika kuwahonga askari ili zionyeshwe maiti ya mpendwa wao katika msitu wa Namanve, na hivyo msiba wenyewe ukageuka biashara.

Majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni yaliteka Kampala Aprili 11, 1979. Uporaji ulizuka jijini, raia wakibeba walichoweza.

Amin alitorokea Libya, kisha Saudi Arabia. Alifariki Jeddah Agosti 16, 2003, bila kusimamishwa kizimbani hata siku moja.