Bwana wa Baridi na Mafundi Wake

Katika mitaa yetu ya Eastlands, kuanzia Shauri Moyo hadi Jericho, hukosi kumwona fundi wa redio nyuma ya meza yake ndogo, bisibisi ya plastiki mkononi, akizungusha kijiti cheusi kilichomo ndani ya koili. Hukizungusha kidogo tu, na stesheni iliyokuwa ikikoroma husikika wazi. Fundi huyo ajua, tena ajua vyema, kwamba ukigeuza jinsi nguvu za sumaku zinavyopita katika koili, umegeuza na wimbi litakalopokewa. Leo nataka kuwasimulia, wasomaji wangu, maisha ya mtu ambaye kazi yake iliupeleka ujuzi huo mbali mno. Naye ni Heike Kamerlingh Onnes, Mholanzi.

Alizaliwa mjini Groningen tarehe 21 Septemba 1853, baba yake akiwa mwenye kiwanda cha vigae. Alisoma kwao, akaenda Heidelberg kwa wataalamu Bunsen na Kirchhoff, na mwaka 1882, kabla hajatimia miaka 30, akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Leiden. Kifua chake kilikuwa dhaifu maisha yake yote. Lakini alikuwa na jambo ambalo wasomi wengi hawana: aliwathamini watu wa mikono. Alianzisha mafunzo ya vijana wa kutengeneza vyombo, waliofahamika kwa mavazi yao ya buluu, na mwaka 1901 ikaundwa jumuiya ya kuyaendeleza. Kesselring alikuwa bingwa wa kupuliza vioo, na Flim ndiye mkuu wa mitambo. Bila ya hao, profesa angebaki na hesabu zake karatasini.

Nia yake ilikuwa kuzigeuza gesi ziwe maji kwa baridi kali. Mwaka 1895 wakubwa wa mji walimsimamisha. Mwaka 1807 jahazi lililopakia baruti lilikuwa limelipuka Leiden na kuua watu wapatao 150, na maabara yenyewe ilijengwa juu ya magofu ya mkasa huo. Watu waliposikia habari za mitungi ya gesi iliyoshindiliwa, waliingiwa na hofu. Miaka mitatu ilipita kabla ya kupewa ruhusa tena mwaka 1898, na mwaka huo huo Dewar wa London alimtangulia katika kuigeuza haidrojeni kuwa maji. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji watamwelewa sana bwana huyu. Wao walifanya kazi miaka mingi wakichungulia njia kama askari wa baraza la mji wanakuja, hadi Rais Moi alipowatembelea mwaka 1985 na baadaye wakajengewa mabanda.

Ikabaki gesi moja tu, heli, iliyowashinda wote. Onnes aliipata kutoka katika mchanga wa monazaiti, ambao nduguye alimsaidia kuununua. Tarehe 10 Julai 1908 kazi ilianza asubuhi na mapema ikaendelea hadi usiku. Mkewe alimlisha kwa mkono wake, kwani yeye hakuweza kuiacha mitambo. Jioni kipimajoto kilikwama mahali pamoja, na hakuna aliyeona kitu. Ndipo profesa mwenzake aliyepita kutazama akashauri chombo kimulikwe kutoka chini. Lo! Kumbe heli ilikuwa imekwisha kuwa maji, imo chomboni, imetulia. Baridi yake ilikuwa nyuzi 269 chini ya sifuri.

Tarehe 8 Aprili 1911 waliitia zebaki katika baridi hiyo. Dorsman na Flim walishika mitambo, na kijana Gilles Holst alikaa chumba kingine akisoma vipimo. Ukinzani wa umeme ulitoweka ghafula. Mwaka 1914 mkondo wa umeme uliwekwa ndani ya koili ya risasi iliyozamishwa katika heli, betri ikaondolewa, na umeme ukaendelea kuzunguka, huku sindano ya dira iliyokuwa kando ikishuhudia.

Habari ya mwaka 1911 ilichapishwa kwa jina la Onnes pekee. Hapo mimi simuungi mkono. Mwenye kuona kwanza ana haki yake, hata kama maabara ni ya mwingine na fedha ni za mwingine. Holst aliondoka mwaka 1914 akaenda kuongoza utafiti wa kampuni ya Philips, ile ambayo redio zake tulizisikiliza barazani huko pwani.

Onnes alitamani kutengeneza sumaku kubwa kwa waya hizo, lakini akagundua kwamba sumaku yenyewe ikizidi, hali ile huvunjika. Wajukuu wake wa elimu walikuja kuigeuza ikawa faida. Mwaka 1962 Brian Josephson wa Cambridge alionyesha kwa hesabu kwamba umeme waweza kuvuka pengo jembamba kati ya metali mbili za namna hiyo. Ukifanya pete yenye mapengo hayo, sumaku inayopita katikati yake huhesabiwa kwa vibaba vidogo ajabu. Kila kibaba kizima kikiongezwa, pete hurudi hali yake ya awali. Kati ya kibaba na kibaba, pete ni koili inayogeuzwa kwa sumaku tu, bila bisibisi. Ndivyo wanavyotengeneza leo vikuza-ishara vya kompyuta za kikwanta, na vipimo vinavyosikia sumaku ya moyo na ubongo wa binadamu.

Na heli haiko Ulaya tu. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham walitangaza kwamba imo kwa wingi ardhini katika bonde la Rukwa, Tanzania.

Onnes alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913, akafariki tarehe 21 Februari 1926. Husimuliwa kwamba siku ya maziko msafara ulichelewa, ikawabidi Flim na Kesselring, wamevaa nguo zao nyeusi, waharakishe miguu nyuma ya jeneza. Mmoja wao akanong'ona kwamba mzee, hata akiwa maiti, angali anawakimbiza.