SHEKHE SIBT AL-MARIDINI NA HISABU ISIYOKOMA

Shekhe Badruddin Muhammad bin Muhammad, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa mwaka 826 wa Hijra (1423). Aliitwa Sibt al-Maridini, yaani mjukuu wa al-Maridini kwa binti yake. Kwani babu yake mzaa mama, Shekhe Abdullahi, alikuwa bingwa wa elimu ya falaki. Alisoma kwa Ibn al-Majdi, kisha akawa mshika nyakati za sala katika Msikiti wa Azhar, Kairo. Wanafunzi wa Kishafii humjua zaidi kwa sherehe aliyoiandika juu ya Rahbia, katika elimu ya mirathi.

Mshika nyakati hana budi kugawanya daraja za mbingu. Daraja moja ni dakika 60, na dakika hukatwa sehemu 60, na kila sehemu 60 tena. Katika risala yake ya hisabu hiyo, Shekhe aligawanya daraja 47 na dakika 50 kwa daraja 1 na dakika 25. Akapata 33 kamili, kisha 45, 52, 56, 28, 14, 7, 3, 31. Ndipo 45 ikarejea, na zile nane zote zikafuatana kama kwanza.

Sababu yake ni hii. Jawabu ile ni sawa na 574 kwa 17, na 17 haigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa nafsi yake. Ukigawanya kwa 17, baki haitoki baina ya 1 na 16 maadamu hisabu haijakoma. Basi hapana budi baki moja irejee, na ikirejea, yote yaliyoifuata hurejea nayo. Kwa sitini-sitini mzunguko wa 17 ni nane. Kwa kumi-kumi ni tarakimu 16. Mwaka 1801 Gauss, mwanachuoni wa Ujerumani, alichapisha jaduwali ya mizunguko hiyo ya kumi-kumi.

Wengi hukoma wapatapo sehemu za kuwatosha. Shekhe aliendelea mpaka akauona mzunguko. Na aujuaye huandika sehemu nyingi atakazo pasi na kugawanya tena, wala hadhani kuwa amekosa.

Na 17 hiyo yajulikana katika mirathi, kwani kwa hukumu ya auli 12 hupanda mpaka 17. Mafungu yenyewe ni kamili. Bali fedha 100 kwa 17 haikomi. Basi mgawaji na ashike mafungu kwanza, wala asikate senti mapema, isije haki ya yatima ikapotea katika baki.