Margaret Trowell na visu vya wahunzi wa Uganda

Kabla ya visu vya viwandani kuenea madukani Kampala, kila kisu nchini Uganda kilikuwa na mhunzi wake. Wahunzi wa Bunyoro walisifika kwa chuma chao, na majembe yao yaliuzwa hadi Buganda. Huko Karamoja watu walivaa kisu cha duara kwenye kifundo cha mkono, makali yakiwa nje, yamefunikwa kwa ukanda wa ngozi hadi saa ya kutumika. Mmoja wa waliotambua kwamba ufundi huo ungeweza kutoweka bila kuandikwa alikuwa Margaret Trowell.

Alizaliwa London mwaka 1904, akasomea uchoraji katika chuo cha Slade na baadaye ualimu wa sanaa. Mwaka 1929 alifika Kenya pamoja na mumewe, daktari Hugh Trowell, wakaishi miongoni mwa Wakamba. Mwaka 1935 walihamia Kampala. Miaka miwili baadaye alianza kufundisha sanaa barazani kwake Mulago, na darasa hilo likakua kuwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo leo ina jina lake.

Jukumu lake la pili halitajwi sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikabidhiwa makumbusho ya Uganda, yaliyofunguliwa mwaka 1908 katika ngome ya zamani ya Lugard, Old Kampala. Waganda waliyaita nyumba ya mayembe, yaani ya hirizi, kwa kuwa baadhi ya vitu vyake vilikuwa vya ibada na wengi waliamini bado vina nguvu. Ikumbukwe kwamba mkusanyo huo ulianzishwa kwa agizo la utawala wa kikoloni. Si kila aliyetoa kitu chake alikitoa kwa hiari.

Trowell aliuhamishia Makerere. Kwake, kisu hakikuwa pambo la ukutani. Alichunguza umbo lake, mpini wake na ala yake, akauliza kilitumika kukata nini. Matokeo yake ni kitabu Tribal Crafts of Uganda, kilichochapishwa mwaka 1953, ambamo alieleza na kuchora kazi za mikono za nchi nzima, huku Klaus Wachsmann, mrithi wake katika makumbusho, akiandika kuhusu ala za muziki. Mwaka uliofuata mkusanyo ulipata jengo lake la sasa, Barabara ya Kira.

Lipo la kumlaumu. Alipanga kazi hizo kwa makabila, kama ilivyokuwa desturi ya wakati wake, na hivyo mhunzi mwenyewe akabaki bila jina. Aliwakinga pia wanafunzi wake dhidi ya sanaa ya Ulaya kwa hofu iliyopita kiasi, kana kwamba Mwafrika hawezi kujichagulia. Hata hivyo, ni mikononi mwake walikopita Sam Ntiro wa Tanzania na Gregory Maloba wa Kenya, aliyechonga sanamu ya uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962.

Aliondoka Uganda mwaka 1958, akafariki dunia mwaka 1985. Kitabu chake kingali kinafunguliwa na wenye kutaka kujua kisu cha zamani kilitoka upande gani wa nchi.