Firestone: Mtoto wa mkulima aliyeubebesha upepo mizigo

MKULIMA anayefunga tela nyuma ya pikapu anaijua shida hii: gari linalala nyuma, usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika juu ya miti. Siku hizi baadhi ya wenye magari hufunga mifuko ya upepo kati ya ekseli na chesisi ili kusaidia springi za chuma. Kazi ya kuubebesha upepo mizigo ina historia ndefu, na mmoja wa walioisukuma ni Harvey Firestone wa Marekani.

Firestone alizaliwa mwaka 1868 katika shamba la familia yake huko Columbiana, jimbo la Ohio. Ujanani aliuza magari ya kukokotwa na farasi, akaona jinsi gurudumu lililovikwa mpira linavyopunguza mtikisiko. Mwaka 1900 alianzisha kampuni yake mjini Akron. Mwaka 1906 Henry Ford alimwagiza seti 2,000 za matairi, na biashara ikashika kasi.

Mwaka 1918 alianzisha kampeni ya kuhimiza mizigo isafirishwe kwa malori. Alijua kuwa mazao yakipanda lori, matairi yatauzwa.

Si kila hesabu yake ilimnufaisha mkulima. Mwaka 1926 kampuni yake ilipewa haki ya kukodi hadi ekari milioni 1 nchini Liberia kwa miaka 99, ili kulima mpira, kwa senti 6 za dola kwa ekari kila mwaka. Kwa bei hiyo, mwenye ardhi aliambulia kidogo.

Hata hivyo, shamba la Columbiana hakulisahau. Trekta za wakati huo zilikuwa na magurudumu ya chuma yaliyomtikisa dereva na kuharibu barabara. Mwaka 1932 kampuni yake ilitoa tairi la upepo la trekta.

Katika miaka hiyo ya 1930 kampuni ilianza pia kujaribu springi za upepo. Firestone alifariki mwaka 1938 kabla ya kuona matunda yake. Mabasi yenye springi hizo yalianza kuuzwa Marekani mwaka 1953.

Ndugu msomaji, somo lipo hapa. Mfuko wa upepo hulinyanyua gari likae sawa, lakini hauongezi uwezo wa ekseli, breki wala matairi. Uzito ulioruhusiwa na mtengenezaji wa gari unabaki ule ule.

Panga mzigo vizuri kwanza, kisha jaza upepo kwa kipimo, bila kuvuka kiwango cha mtengenezaji wa mifuko. Ukishusha mzigo, punguza upepo, lakini usiutoe wote, kwa sababu mfuko mtupu hujikunja na kuchanika.

Upande mmoja ukilala asubuhi, paka maji ya sabuni kwenye vali, bomba na maungio. Penye povu ndipo panapovuja. Hakikisha pia mfuko hausuguani na chuma wala haukaribii bomba la moshi.

Gari likikaa sawa, usidanganyike kuongeza magunia. Faida ya magunia mawili ya ziada hailipi ekseli iliyovunjika njiani, wala maisha ya watu.